Wachambuzi Wasiviandikie Tanzia Vyama Vilivyo Hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni tabia ya wachambuzi wetu wa siasa, magazetini na redioni, ya kukizika chama kila kinaposhindwa uchaguzi, na kukifufua kila kinapoongeza mbunge mmoja au wawili.

Mimi ni mkulima wa mahindi na vitunguu huku Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa. Si mwanachama wa chama chochote cha upinzani, wala siandiki barua hii kumpigia mtu debe. Naandika kwa sababu nimekuwa msomaji wa magazeti tangu enzi za chama kimoja, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 nimesoma tanzia za vyama vile vile mara nne au tano. Maiti akizikwa mara tano, basi ama hakufa, ama wanaomzika hawaijui kazi yao.

Wachambuzi hawa wako wa aina mbili. Aina ya kwanza ni wale wasiokipenda chama husika, ambao hungoja matokeo ya uchaguzi ili watangaze kwamba sasa kimekwisha. Aina ya pili ni wapenzi wa chama hicho, ambao kila baada ya miaka mitano hutuambia kwamba safari hii dalili zote ni za ushindi. Matokeo yakitoka, wa kwanza hushangilia na wa pili hulaani, kisha wote wawili hunyamaza hadi uchaguzi mwingine. Hakuna hata mmoja anayerudi kwa msomaji kueleza kwa nini aliyoyaandika hayakutimia. Mkulima akikosea msimu hulala njaa. Mchambuzi akikosea hualikwa tena wiki inayofuata.

Kosa lao, kwa maoni yangu, ni moja. Wanakipima chama kwa siku moja ya kupiga kura na kwa jina la kiongozi mmoja. Hawakipimi kwa siku zaidi ya elfu moja na mia nane zilizoko baina ya uchaguzi na uchaguzi. Lakini ni katika siku hizo ndipo chama huishi au hufa. Ningependa kuwakumbusha wasomaji historia yetu wenyewe ili waone kama nasema uongo.

Upinzani katika nchi hii haukuanza mwaka 1992. Baada ya mkutano wa TANU wa Tabora wa mwaka 1958, uliokubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, Ndugu Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama cha African National Congress. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1962 alipambana na Mwalimu Nyerere akapata kura 21,276, ambazo hazikufika hata asilimia 2. Chama chake hakikuishi muda mrefu baada ya hapo, na mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Hapo wachambuzi wangeweza kusema kwamba mambo ya upinzani yamekwisha Tanganyika. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipopita kuwauliza wananchi, kiasi cha asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na karibu asilimia 20 walitaka vyama vingi. Fikra ambayo wachambuzi wangeiona imezikwa pamoja na chama cha Mtemvu ilikuwa ingali hai kwa mtu mmoja katika kila watu watano. Na Mwalimu mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotaka wachache wale wasikilizwe.

Tuje sasa kwenye NCCR-Mageuzi, maana hiki ndicho chama kinachonipa mfano mzuri kuliko vingine. Kilianza mwaka 1991 kama kamati ya kudai mageuzi ya Katiba, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa wakili Mabere Marando. Mwaka 1995 Ndugu Augustine Lyatonga Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akaihama CCM akajiunga nacho na kuwa mgombea wake wa urais. Wengi wetu tunakumbuka jinsi vijana walivyokuwa wakilisukuma gari lake mitaani. Matokeo yalipotoka Mheshimiwa Benjamin Mkapa alipata karibu asilimia 62, na Mrema karibu asilimia 28. NCCR-Mageuzi ikapata majimbo 16 ya ubunge. Mwaka 1996 Mrema akashinda uchaguzi mdogo wa Temeke. Wachambuzi wakaandika kwamba serikali ijayo imekwisha kuonekana.

Katika uchaguzi huo huo wa mwaka 1995 kulikuwa na chama kingine, CHADEMA, kilichoanzishwa na Mzee Edwin Mtei, aliyepata kuwa Gavana wa Benki Kuu na Waziri wa Fedha. Hakikuweka hata mgombea wa urais. Kilipata majimbo 3 tu. Wachambuzi hawakuona haja ya kupoteza wino juu yake.

Je, baada ya hapo ilikuwaje? NCCR-Mageuzi iligawanyika katikati, upande wa Mrema na upande wa Marando. Vikao viligeuka uwanja wa ngumi na mambo yakaishia mahakamani. Mwaka 1999 Mrema akahamia TLP akiwa na wafuasi wake. Katika uchaguzi wa mwaka 2000 chama kilichokuwa na majimbo 16 kilibaki na jimbo 1. Mwaka 2005 hakikupata hata moja, na mgombea wake wa urais, marehemu Dakta Sengondo Mvungi, hakufikisha hata nusu ya asilimia 1 ya kura. Tanzia zikaandikwa, na safari hii zilionekana kuwa na haki.

Lakini mwaka 2010 chama hicho hicho kilishinda majimbo 4, yote mkoani Kigoma: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe na Kigoma Kusini. Ni nani kati ya wachambuzi wa Dar es Salaam aliyetuambia habari hizo mapema? Mimi sikumsoma. Sababu ni kwamba hakuna aliyekwenda Kasulu kutazama. Mwaka 2015 kikarudi kwenye jimbo 1, la Vunjo, ambako James Mbatia alimshinda Mrema yule yule aliyekuwa mgombea wake miaka 20 nyuma. Mwaka 2020 kikakosa tena. Mwaka 2022 kikaingia katika mgogoro mwingine wa uongozi, na Mbatia akaondolewa uenyekiti.

CHADEMA nayo ilikwenda namna yake. Majimbo 3 mwaka 1995, 4 mwaka 2000, 5 mwaka 2005. Kwa miaka 10 mtu angeweza kusema chama hiki hakikui, kimedumaa. Lakini mwaka 2010, pamoja na viti maalum, kilikuwa na wabunge 48, na mwaka 2015 wabunge 70. Jimbo la Karatu lilikuwa mikononi mwake tangu mwaka 1995 hadi mwaka 2020, yaani miaka 25 mfululizo, na waliolishika hawakuwa mtu mmoja. Mambo kama hayo hayaletwi na hotuba ya siku moja. Yanaletwa na watu wanaokutana, wanaojuana na wanaomwandaa mwingine wakati wa kwanza angali yupo.

Ndugu Mhariri, somo ninalolipata hapo ni kwamba kushindwa uchaguzi peke yake hakuui chama. CHADEMA ilishindwa mara tatu mfululizo ikakua. NCCR-Mageuzi ilianza na neema ikavunjika, maana nguvu yake ilikuwa imeegemea mtu mmoja aliyekuja na watu wake na aliyeondoka na watu wake. Chama huuawa na ugomvi wa wakubwa ambao matawi hayana uwezo wa kuuamua.

Mfano wa CUF unalionyesha jambo hili kwa upande wa pili. Baada ya mgogoro ulioanza mwaka 2016 kati ya Profesa Ibrahim Lipumba na Maalim Seif Sharif Hamad, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi tarehe 18 Machi 2019 uliompa ushindi Profesa Lipumba. Siku hiyo hiyo Maalim Seif akahamia ACT-Wazalendo, chama kilichosajiliwa mwaka 2014 tu. Huko Unguja na Pemba bendera zikashushwa na nyingine zikapandishwa kwenye majengo yale yale, nao wenyewe wakasema wameshusha tanga na kupandisha tanga. Mchambuzi anayesoma majina ya vyama angesema upinzani wa Zanzibar umekufa siku ile. Anayetazama watu angeona kwamba wale wanachama walikuwa bado wamekaa kwenye baraza zao wakizungumza yale yale. Mwezi Desemba 2020 Maalim Seif aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar kwa tiketi ya chama hicho kipya. Alifariki Februari 2021, na chama hakikufariki pamoja naye.

Vyama vikubwa navyo visijione havihusiki. Zambia, UNIP ya Mzee Kaunda ilitawala tangu mwaka 1964, ikashindwa mwaka 1991 na haikuinuka tena. Kenya, KANU ilitawala tangu uhuru mwaka 1963, ikashindwa mwaka 2002, na leo ni chama kidogo kinachotafuta wa kushirikiana naye. Vyama hivyo vilikuwa na majengo, magari na fedha. Kilichokosekana ni mazoea ya kuishi bila dola, kwa sababu matawi yake yalikuwa yamezoea kupokea amri na posho.

Huenda msomaji akauliza, mambo haya yanamhusu nini mkulima wa Kibakwe? Mkoa wetu wa Dodoma ni ngome ya CCM, na makao makuu ya chama hicho yako hapa hapa Dodoma. Najibu kwamba yanatuhusu sana, na nitaeleza kwa jambo dogo la kijijini.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi. Katika kijiji kimoja cha huku kwetu, miaka ya nyuma, kulikuwa na tawi la chama kidogo lenye wanachama wasiozidi kumi. Hawakupata kushinda hata kitongoji kimoja. Lakini siku ya mkutano mkuu walikuwa wanakaa mbele na daftari lao, wameandika kilichosomwa mkutano uliopita. Mtendaji alijua kwamba ataulizwa fedha za ushuru wa vitunguu zimekwenda wapi na mifuko ya saruji ya darasa iko mingapi. Kwa hiyo alikuja na hesabu zilizokamilika. Waliofaidika hawakuwa wale kumi tu. Kijiji kizima kilifaidika, pamoja na wana-CCM ambao ndio wengi, na ambao baadhi yao waliona haya kumwuliza ndugu yao wa chama kimoja.

Baadaye viongozi wa juu wa chama kile wakagombana. Hakuna aliyekuja kuwaambia wale kumi wafuate upande gani. Kadi zikakosekana, bendera ikachakaa juu ya mti wake, na vijana wawili waliokuwa wakiandika daftari wakahamia mjini. Hesabu zikaanza kusomwa haraka haraka, kisha kwa maneno matupu, kisha mikutano yenyewe ikawa ya nadra. Hakuna gazeti lililoandika habari za tawi lile lilipokuwa hai, wala lilipokufa. Kwa wachambuzi lilikuwa si kitu, kwa kuwa halikuwa na kura. Kwetu sisi lilikuwa na thamani ya saruji na madawati.

Najua wako watakaosema kwamba vyama vingi vidogo ni vya mfukoni, vyenye mwenyekiti, muhuri na chumba kimoja cha kupanga, ambavyo huamka mwaka wa uchaguzi na kulala siku ya pili yake. Ni kweli viko, na sina haja ya kuvitetea. Lakini ndiyo sababu nasema tupate vipimo vya kumtambua aliye hai na aliyekufa. Huku kanda ya kati mgeni akija mwezi wa Septemba akaiona mibuyu haina jani hata moja, atasema imekauka. Mwenyeji hamwulizi mbuyu majani wakati wa kiangazi. Hutazama gome na mizizi. Kwa upande wa vyama, mimi ningetazama mambo matatu.

Kwanza, ada. Je, wapo wanachama wanaotoa ada yao wenyewe, hata kama ni ndogo, au chama kinaishi kwa ruzuku na mfuko wa mwenyekiti? Ruzuku hufuata kura na wabunge, kwa hiyo chama kinachoitegemea peke yake hufa njaa mwaka kinaposhindwa, na hugombana mwaka kinaposhinda.

Pili, kuachiana uongozi. Je, chama kimewahi kubadili mwenyekiti kwa kura, na aliyeshindwa akabaki? Mwezi Januari 2025 wajumbe wa CHADEMA walimchagua Ndugu Tundu Lissu badala ya Ndugu Freeman Mbowe aliyekuwa ameongoza tangu mwaka 2004, na Mbowe akayakubali matokeo. Mtu anaweza asikipende chama hicho, lakini jambo hilo ni la kutazamwa, kwa sababu ni hapo hapo wengine walipovunjika.

Tatu, kitongoji. Je, chama kinaweza kupata mtu wa kugombea uenyekiti wa kitongoji, mtu anayejulikana kwa majirani zake? Chama kisicho na mgombea wa kitongoji hakina mizizi, hata kama mwenyekiti wake anaonekana katika televisheni kila jioni.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuyaweka makosa yote juu ya vyama vyenyewe. Mwaka 2019 vyama vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Mwaka 2024 CCM ilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya viti vya vijiji, mitaa na vitongoji. Mwezi Aprili 2025 Ndugu Lissu alikamatwa na kushitakiwa kwa uhaini, na chama chake, kilichokuwa kikidai sheria za uchaguzi zibadilishwe kwanza, kikaambiwa na Tume kwamba hakiwezi kushiriki kwa kuwa hakikutia saini kanuni za maadili. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila chama hicho, na siku ile na zilizofuata zikawa na vurugu na vifo vilivyotuhuzunisha sote. Mchambuzi anayehesabu viti vya Bunge baada ya hayo yote na kuandika kwamba upinzani hauna watu, anahesabu nini hasa? Mti uliokatwa matawi haupimwi kwa kivuli chake.

Nami nasema kwa dhati kwamba wananchi wasio na pa kuulizia hawaachi kuuliza. Huuliza barabarani. Daftari la watu kumi katika mkutano wa kijiji ni njia ya amani kuliko zote ninazozijua za kumwuliza kiongozi. Kulidharau kwa sababu halina kura, au kulifungia njia kwa sababu lina maswali, ni kujitafutia maswali ya namna nyingine.

Kwa hiyo napenda kutoa wito kwa pande nne. Wahariri wawatume waandishi wao vijijini wakati usio wa uchaguzi, wakatazame tawi gani linakutana na lipi limebaki jina. Wachambuzi wawe na ujasiri wa kuyarudia waliyoyaandika miaka mitano nyuma na kutueleza yametimia kwa kiasi gani. Viongozi wa vyama vidogo waache kuwapelekea wanachama ugomvi wao badala ya kadi na taarifa za fedha. Na CCM, ambayo ndiyo yenye wengi huku kwetu, iwafundishe wanachama wake kwamba kumwuliza mtendaji hesabu si usaliti, na iache mlango wa kitongoji wazi kwa yeyote anayetaka kugombea kwa haki.

Sisi wapiga kura nasi tuna wajibu wetu. Mkutano mkuu ujao wa kijiji ukiitishwa, tuhudhurie, tuwe wa chama au tusiwe wa chama, tena tuchukue daftari na kalamu.

Ni mimi msomaji wako,
Mkulima,
Kibakwe, Mpwapwa.